Kabla hujaandika kwamba mapingamizi yameongezeka

Anayeanza kazi kwenye ofisi ya uwakala wa alama za biashara hachelewi kukutana na swali hili: mteja anataka kujua kama siku hizi maombi ya kusajili alama yanapingwa kuliko zamani. Kijana anatafuta idadi ya mapingamizi ya mwaka, anaigawa kwa idadi ya maombi ya mwaka huohuo, anapata asilimia, anachora mstari, anatuma. Ripoti za namna hiyo nimezipitia nyingi, na nyingi zinanusurika kwa sababu tu mteja hakuuliza swali la pili. Ninyi mnaoingia sasa, anzeni na asili, ile namba ya chini. Humo ndimo mchezo unamochezwa.

Ombi halipingwi siku linapopokelewa. Msajili hulichunguza kwanza, akilikubali linatangazwa kwenye jarida lake rasmi, na hapo ndipo linapofunguka dirisha la pingamizi, yaani muda ambao mwingine anaweza kupinga alama hiyo isisajiliwe. Tanzania Bara na Kenya ni siku 60. Marekani ni siku 30, Umoja wa Ulaya miezi 3, India miezi 4. Maana yake mapingamizi unayoyaona mwaka huu yanahusu maombi mengi yaliyoingia mwaka jana au kabla ya hapo. Mfano mzuri ni Marekani. Katika mwaka wa fedha wa 2020 maombi yaliyopokelewa yalikuwa kama 738,000. Mwaka wa 2021 yakaruka hadi kama 944,000, mengi ya nyongeza hiyo yakitoka China na kwa wauzaji wa mtandaoni. Mapingamizi ya mwaka huo hayakufika hata elfu 10. Ukigawa haraka haraka utaandika kwamba Wamarekani wameacha kupingana. Hawajaacha. Maombi yale yalikuwa bado kwenye foleni ya uchunguzi, hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuyapinga. Gawa kwa alama zilizotangazwa, si zilizoombwa.

Halafu uliza kinachohesabiwa ni nini. Zile takwimu za Marekani nilizotaja ni za madaraja, yaani makundi ya bidhaa na huduma, si za karatasi za maombi: mtu akiomba alama moja kwa nguo, vinywaji na programu za simu, anahesabiwa mara tatu. Pingamizi dhidi yake likija linaweza kuwa faili moja tu. Madaraja ya Nice, mpangilio wa kimataifa wa makundi hayo, yapo 45, kwa hiyo pengo hilo si dogo.

Msilinganishe nchi kabla ya kujua msajili wake anachunguza nini. Hapa kwetu BRELA, ofisi ya usajili ya Tanzania Bara, na KIPI, ofisi ya Kenya kule Nairobi, wanaangalia pia kama alama inafanana na iliyokwisha kusajiliwa, na wanaweza kuikataa wenyewe. Marekani ni hivyohivyo. Ofisi ya Umoja wa Ulaya iliyoko Alicante haikatai ombi kwa sababu hiyo; inamwachia mwenye alama ya zamani ajitetee, na asipoweka pingamizi ombi linapita. Uingereza nayo ilifuata njia hiyo tangu Oktoba 2007. Kwa hiyo Ulaya kuwa na mapingamizi mengi kwa kila alama mia si ushahidi kwamba watu wake ni wagomvi. Kazi ya mchunguzi wamebebeshwa wao. (Na mteja wa Dar akikuuliza kuhusu Tanzania, mkumbushe kwamba Zanzibar ina sheria yake na ofisi yake. Kufuatilia jarida la BRELA peke yake hakumlindi kule.)

Jambo ambalo wageni hulikosa kuliko yote ni kwamba ugomvi mwingi hauonekani kwenye takwimu. Marekani, anayetaka kupinga anaweza kuomba aongezewe muda hadi siku 180 tangu kutangazwa, na maombi hayo ya kuongezewa muda ni mengi kuliko mapingamizi yenyewe. Katikati hapo mawakili wanaandikiana barua, mwombaji anapunguza orodha ya bidhaa, mkataba wa kuishi pamoja, yaani wa kila mmoja kuendelea na alama yake, unasainiwa, yanakwisha. Ulaya pingamizi likishakubaliwa kuna miezi 2 ya kupoa, yaani ya kujaribu kupatana kabla kesi haijaanza, na wenyewe wakitaka wanaivuta hadi 24.

Hata lililowekwa rasmi halikwambii sana kwa kuhesabiwa tu. Mwaka 2020 Apple iliipinga nembo ya Prepear, programu ndogo ya mapishi, ambayo ilikuwa pea yenye jani. Februari 2021 wakapatana: Prepear wakabadilisha umbo la jani, basi. Kwenye hesabu hilo ni pingamizi moja, bila uamuzi wowote. Linganisha na la Messi. Aliomba jina lake lisajiliwe Ulaya mwaka 2011, mwenye alama ya MASSI akampinga na akashinda ngazi za mwanzo, Mahakama Kuu ya Umoja wa Ulaya ikageuza mwaka 2018 kwa hoja kwamba Messi anajulikana mno kiasi cha kutochanganywa na mwingine, na Mahakama ya Haki ikafunga mjadala Septemba 2020. Hilo nalo ni pingamizi moja. Aliyechora mstari mwaka 2012 hakuwa na namna ya kujua limeishaje.

Angalieni vilevile nani anapinga. Kati ya 2019 na 2021 Apple peke yake iliweka mapingamizi 215 Marekani. Kampuni kama hiyo ikibadilisha sera, mstari wa daraja la 9, lile la vifaa vya elektroniki na programu, unayumba bila soko kubadilika hata kidogo. Kwenye sajili ndogo kama zetu mpingaji mmoja mwenye wakili mkali anatosha kupindisha mwaka mzima.

Mimi nawaomba wapya watengeneze jedwali lao wenyewe kutoka kwenye majarida na maamuzi: tarehe ya kutangazwa, daraja, tarehe ya notisi, mpingaji, na namna lilivyoisha. Safu ya mwisho itawasumbua. Kwenye sajili zetu mwombaji asipojibu pingamizi, ombi huhesabiwa limeachwa, na wengi hawajibu kwa sababu hawana pesa ya wakili. Hayo yapeni jina lake. Msiyaweke pamoja na yale ambayo msajili alisikiliza pande mbili akaamua.