Soma ukingo kabla ya kusugua

Barua za safari hii zote zinahusu nishani ya utumishi mrefu na mwenendo mwema ya jeshi la Uingereza.

Nishani ya babu imekuwa nyeusi. Niisugue kwa dawa gani?

Usiisugue kwa dawa yoyote! Weusi huo ni fedha iliyoshikana na salfa ya hewani, na haudhuru kitu. Kinachodhuru ni poda na krimu za kung'arisha: kila msuguo huondoka na fedha kidogo. Huanza kulika nywele na shavu la mfalme, kisha herufi za ukingoni. Isimamishe karibu na dirisha, uizungushe polepole: namba ya askari, cheo, jina, kikosi. Mgongoni nishani hizi zote husema maneno yaleyale. Ukingo peke yake ndio unaosema ni ya nani. Vua utepe, kwa kuwa hutoka rangi ukilowa, kisha osha kwa maji vuguvugu na tone la sabuni laini, ukaushe kwa kitambaa cha pamba. Kama utepe umeshonwa, usiufumue. Futa nishani kwa kitambaa kikavu, basi. Usiihifadhi pamoja na mpira wala sufu, maana vyote vina salfa.

Utepe wa nishani yetu hauna kingo nyeupe. Niuweke ulio sahihi?

Huenda huo ndio sahihi. Hadi 1916 ulikuwa rangi ya damu ya mzee mtupu, ukifanana mno na wa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Nyeupe iliongezwa pembeni ili tepe hizo mbili zisichanganywe. Na ukikuta mstari wa kijani katikati, huenda ni wa askari wa K.A.R. (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), waliowekewa nishani yao 1907. Utupe huo, na umetupa nusu ya ushahidi.

Je, ni nishani ya ushujaa?

Hapana. Someni mgongo wa nishani kabla ya kuandika barua. Wala si ndogo kwa hilo: ilipoanzishwa 1830, askari wa miguu alitakiwa kutumikia miaka 21, wa farasi 24, na rekodi safi.

Yetu ina silaha badala ya kichwa cha Malkia.

Ni ya enzi za Victoria au za William IV aliyemtangulia. Kichwa cha mtawala kilianza na Edward VII.

Ina merikebu mgongoni.

Hiyo ni ya wanamaji. Merikebu ni HMS Victory.

Mjukuu anaweza kuivaa?

Kifua cha kulia. Cha kushoto ni cha aliyeitumikia.

Muuzaji anasema jina limefutika kwa kuvaliwa tu. Ninunue?

Pima kipenyo kwa kaliba, sehemu nne. Kinatakiwa kuwa 36 mm kote. Kikipungua, na ukingo ukawa bapa wenye mikwaruzo inayoelekea upande mmoja, jina limepigwa tupa. Mrudishie.