"Mnavyoona Nyie Wanangu": Goti la Mama na Sisi Watoto Wake

Mama alikuwa mtu wa baiskeli. Aliyekulia Tanga hashangai: mji wetu ni tambarare, na wanawake wa rika lake wamekwenda sokoni Mgandini kwa baiskeli, baibui limekunjwa vizuri lisiingie kwenye mnyororo, tangu ni wasichana. Siku aliyoiegemeza ukutani uani kwetu Ngamiani akasema "goti limechoka kidogo", hakuna aliyemuuliza zaidi. Ikakaa pale miaka minne. Upepo ukaisha, mtoto wa jirani akaomba kengele, akapewa.

Tuko wanne. Dada mkubwa anaishi na Mama na anauza vitumbua asubuhi. Kaka yuko Dar. Mie nafundisha hapahapa Tanga, na mdogo wetu yuko Arusha. Ukituhesabu ni familia yenye nguvu, na hesabu hiyo ndiyo iliyotuponza, maana kila mmoja alijua kuna mwingine anayeshughulika.

Miaka ya mwanzo ilikwisha kwa vidonge. Hospitali ya kwanza tuliyokwenda hawakumpiga hata picha; walimpa dawa za maumivu, tukawa tunazinunua wenyewe dukani kama pipi. Mama ana presha. Baadaye daktari wa mifupa alipouliza anatumia nini, akatikisa kichwa: diklofenaki na jamii yake ukizimeza miezi na miezi zinapandisha presha, zinachubua tumbo na zinaumiza figo, na kwa mzee ndiyo zaidi. Kama mzazi wako ana mfuko wa vidonge hivyo chini ya mto, anza na huo.

Daktari huyo aliagiza picha ipigwe Mama akiwa amesimama. Nalitaja kwa sababu picha ya goti aliyopigwa mtu kalala inaweza kukudanganya. Akisimama, uzito ukashuka, ndipo inapoonekana nafasi kati ya mifupa imebaki kiasi gani. Ya Mama haikubaki. Gegedu, ule utando unaolinda ncha za mifupa, limelika, mfupa unasaga mfupa. Akatueleza habari ya kubadilisha goti: ncha za mifupa zilizoharibika zinakatwa, zinavalishwa chuma, katikati inawekwa plastiki ngumu. Halafu akamgeukia Mama. "Wewe mwenyewe unataka?"

Mama akatutazama mie na dada. "Mnavyoona nyie wanangu."

Tukasema tutakwenda kukaa tuzungumze. Jibu la heshima kabisa. Lilitugharimu mwaka mmoja na nusu.

Nimeliwaza sana jambo hili, na ndilo hasa lililonifanya niandike. Mzazi wa kwetu haombi kitu cha gharama. Anakuachia mlango wazi kidogo, kisha anasoma uso wako. Ukisita, keshapata jibu, na hatalileta tena. Jioni ile Kaka alipigiwa simu, dada kaweka spika, na Kaka akasema bila ubaya wowote: "Kwa umri ule upasuaji wa nini tena? Tumtafutieni mafuta mazuri ya kuchua." Mama alikuwa chumbani. Kesho yake goti likawa "halina neno". Wiki iliyofuata "limepata nafuu". Akaacha kwenda arusini, akidai siku hizi muziki una kelele. Tukaamini, kwa sababu ilitufaa kuamini.

Kilichotuamsha ni dada. Usiku mmoja alisikia kitu kinakwaruza uani. Akatoka na tochi ya simu, akamkuta Mama chini, anajisogeza kwa makalio kuelekea chooni, kanga kajifunga kiunoni isichafuke. Aliogopa kumwamsha mtu. Dada aliandika hayo kwenye kundi letu la familia kwa mistari mitatu, hakuna aliyejibu mpaka alfajiri.

Sasa ushauri. Kikao cha familia kifanyeni, lakini Mama awemo, tena asiulizwe "unataka upasuaji?" Swali hilo ni zito, linanuka pesa. Sisi tulimuuliza: ni kitu gani unataka kukifanya na huwezi? Akajibu papo hapo, kama aliyekuwa akilingoja: "Nataka kwenda chooni peke yangu. Na nataka kwenda arusini nisisindikizwe kama kikongwe." Basi. Baada ya hapo mjadala ukawa wa namna ya kufanya, ule wa kufanya au kutofanya ulikwisha.

La umri pia tulilimaliza kwa daktari, si kwa kubahatisha. Miaka peke yake haimzuii mtu. Kinachotazamwa ni moyo, presha, sukari, uzito, na kama kuna maambukizi yoyote mwilini, hata jino bovu. Meno ya Mama mawili yaling'olewa kwanza. Na lile wanalosema watu, "kiungo bandia kitaharibika mara, itabidi arudiwe": nchi zilizoweka kumbukumbu za wagonjwa hawa kwa miongo zimeona magoti bandia nane hivi kati ya kumi bado yanafanya kazi baada ya miaka 25. Mama alikuwa na miaka 68. Piga hesabu mwenyewe.

Pesa. Mie kama mtumishi nina kadi ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, na wakati ule kadi ilikuwa inachukua mwanachama, mwenza na wategemezi wanne, wazazi wakiwemo. Wanne wangu walikuwa wanangu watatu na mama mkwe. Nafasi zimejaa, na nani atamwambia mke wangu tumtoe mama yake? Nilikaa na jambo hilo kifuani majuma matatu, kumbe mdogo wetu wa Arusha naye ni mtumishi na ana nafasi mbili tupu. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Ulizeni kadi za wote, na wakwe pia. Kisha ulizeni mapema, kwa maandishi, kama bima inalipia kiungo chenyewe au inaishia kwenye kitanda na upasuaji, kwa sababu kiungo ndicho chenye bei. Kwetu palibaki pengo, tukachanga. Asiye na bima na ana miaka 60 na zaidi aanzie serikali ya mtaa na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Msamaha wa matibabu kwa wazee wasiojiweza upo kisera, ila unahitaji mtu wa kufuatilia karatasi, na mzee mwenye goti bovu hawezi kupanga foleni tatu.

Jambo tulilokaribia kulisahau ni dada mwenyewe. Tulijadili nauli, dawa, kitanda, damu ya kuchangia. Hakuna aliyeuliza vitumbua vitauzwa na nani miezi miwili akiwa na Mama. Kaka anatuma laki, anashukuriwa mbele ya watu. Dada anafunga biashara, anaambiwa "Mungu atakulipa". Tulikubaliana apewe kila wiki sawa na faida yake, na Kaka, nampa haki yake, ndiye aliyelileta.

Upasuaji ulifanyika Dar, MOI, ile taasisi ya mifupa ya Muhimbili. Kutoka Tanga iwe Dar iwe hospitali ya KCMC Moshi ni zaidi ya kilomita 300, kwa hiyo mpango wa nyumba ya kufikia ni sehemu ya matibabu. Alichomwa sindano ya mgongoni, akawa macho, anasikia kugongwagongwa "kama kwa seremala", maneno yake. Kesho yake wakamsimamisha kwenye ile fremu ya kutembelea.

Kazi yenyewe ilianzia nyumbani kwa Kaka, na hapo huruma nusura ituharibie. Shangazi alikuja kumwona, akamkuta goti limevimba, akakunja mto na kuuweka chini ya goti. Mama akapumua, "ahsante wifi yangu". Siku tatu mto ulikaa pale. Mtaalamu wa mazoezi alipokuja aliung'oa bila salamu: goti likizoea kukaa limepinda, halitanyooka tena. Mto ukahamia chini ya kisigino, na Mama akalia. Wageni wote walikuwa upande wake: "Mwacheni apumzike jamani." Wiki sita za mwanzo ndizo zinazoamua goti litakunja na kunyooka kiasi gani, na anahitajika mtu mmoja asiyeogopa kuonekana katili. Dada aliifanya kazi hiyo mara tatu kwa siku, akihesabu kwa sauti. Mtu huyohuyo ndiye atakayeona kigimbi kikivimba na kuuma, pumzi ikibana ghafla, homa au kidonda kinachotoa maji. Hayo hayangoji asubuhi.

Ngamiani tulikuwa na choo cha kuchuchumaa. Fundi alitutengenezea kiti cha mbao chenye tundu na mikono ya kushikia, kabla Mama hajarudi. Swala anaswali kwenye kiti. Basi tulimkatia siti ya mbele, na dereva aliombwa asimame Chalinze na Segera ajinyooshe.

Baiskeli bado iko ukutani. Mtaalamu alimruhusu ile ya mazoezi isiyokwenda popote, na Mama aliidharau. Arusini amekwenda mbili, kwa miguu.

Sasa goti la kushoto limeanza. Juzi nilipita kumpa shikamoo, tukanywa chai, akaligusa bila kunitazama na kuuliza, "Na hili mnaonaje wanangu?"

Nikaweka kikombe chini. "Wewe Mama unaonaje?"

Akanyamaza kidogo. "Nataka baada ya Ramadhani," akasema. Nimeshaandika kwenye kundi. Kaka kajibu wa kwanza, kauliza nani atauza vitumbua.