Boila inayomaliza kuni bila maji kupata moto

SWALI: Ninasimamia bweni la wasichana hapa Tabora mjini. Tuna boila ya kuni inayopasha lita 1,000 za maji ya kuoga. Kijana wetu hubana hewa usiku ili moto udumu hadi alfajiri, lakini kuni zinakwisha upesi, maji yanabaki vuguvugu, na bomba la moshi linachuruzika ute mweusi. Tunakosea wapi?

JIBU: Ndugu msimamizi, huo ute mweusi ni moshi ambao ulipaswa kuungua ndani ya tanuru, ukapoa bombani na kugeuka lami. Takribani asilimia 80 ya uzito wa kuni kavu hutoka kwanza kama gesi, na gesi hiyo huungua vizuri pale tu inapokuta joto kali pamoja na hewa ya kutosha juu ya moto. Hewa ikibanwa usiku kucha, kuni zinaliwa na joto lake linaondoka na moshi. Kwa hiyo washeni moto mkubwa jioni, hewa ikiwa wazi, uishe kwa saa mbili au tatu, kisha joto litunzwe na maji yenyewe, ndani ya tangi na mabomba yaliyovikwa pamba ya kuhami joto yenye unene wa kutosha. Kwa tangi, sentimita 10 si nyingi.

Kuni zenyewe ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi. Gogo la mti wa mtundu lililokatwa juzi laweza kuwa nusu yake maji kwa uzito, na kilo moja ya kuni za namna hiyo hutoa takriban megajuli 8 (megajuli ni kipimo cha nishati ya joto), ilhali kilo iliyokauka hadi unyevu wa asilimia 20 hutoa zaidi ya 14. Kupandisha maji yenu kutoka nyuzi 22 hadi 60 kunahitaji megajuli 160 hivi. Boila inayofikisha asilimia 60 ya joto kwenye maji itafanya kazi hiyo kwa kilo 18 au 19 za kuni kavu. Ileile ikilishwa kuni mbichi na kufukiza, ikafikisha asilimia 40, itakula kilo 50.

Nunueni kuni mvua zinapokatika, mwezi Mei, mzipasue ziwe unene wa mkono, mzipange juu ya mawe ili mchwa wasizifikie, chini ya bati lililo wazi pembeni, zipigwe na upepo hadi mvua za Novemba. Chagua kipande kimoja, kitie alama ya chaki, ukipime kila wiki. Uzito ukikoma kupungua, rundo limekauka.

Fungeni pia kipimajoto kwenye bomba la moshi. Moto ukikolea, kati ya nyuzi 150 na 220 ni pazuri. Kikipita 250 kwa moto uleule wa kila siku, masizi yamefunika kuta na joto halipiti kwenda kwenye maji: zimeni, ngojeni vipoe, mpige brashi. Kikishuka chini ya 120, lami inaanza kuganda.

Mwisho, boila ikiwa imepoa, funga mlango wa tanuru ukiwa umebana kipande cha karatasi kwenye ukingo wake. Karatasi ikichomoka bila kukwama, kamba ya kuzibia imechakaa, na hewa inapenya pasipotakiwa; ibadilisheni kabla hamjagusa kitu kingine chochote.