Numb: ganzi ya mguu na ganzi ya moyo

Swali: Numb maana yake nini hasa?
Ganzi, hamna cha ajabu. Umekalia mguu muda mrefu, ukisimama haupo, ukiubonyeza ni kama unabonyeza wa mtu mwingine, hapo kwa Kiingereza ni "my foot has gone numb". Angalia kitenzi ni go, maana sisi mguu unakufa ganzi basi mtu anaandika "my foot died" na anayesoma anashtuka. Fizi ikichomwa sindano ya ganzi nayo ni numb, na neno lenyewe linageuka kitenzi, "the dentist numbed my gum".

Swali: Ile b naitamka?
Usiitamke, sema "nam" yatosha, kama thumb na lamb. Hiyo b ilichomekwa baadaye tu. Asili yake ni kitenzi cha Kiingereza cha kale, niman, kuchukua, kwa hiyo aliye numb ni kama mtu aliyechukuliwa. Kasheshe ni kwenye kulinganisha: "number", herufi zilezile za namba ila hii inasomwa "nama". Wengi wanaikimbia wanaandika more numb na mimi siwalaumu hata kidogo.

Swali: Kuna mtu hana huruma kabisa, nimwite numb?
Utakuwa unamtetea bila kujua! Numb haina lawama, ni mtu ambaye hisia zimemkatika, labda kwa mshtuko labda kwa uchovu. Unayemtafuta wewe ni callous, anaona mwenzake anaumia na hashtuki. Limetoka Kilatini, callum, ngozi ngumu, na ile sugu ya kiganjani inatamkwa hivyohivyo ila inaandikwa callus, sasa watu wanazichanganya kila siku hata wenye lugha yao. Akiwa siyo katili ila anaropoka tu, mfano mwenzie kaachika juzi yeye anamuuliza ndoa ya pili lini, huyo ni insensitive.

Swali: Rafiki yangu kafiwa, nimempa pole kajibu "I just feel numb". Ina maana hajali?
Anajali sana ndo maana. Msiba ukiwa mzito mtu anaweza kukaa mkavu, hata chozi halitoki, anaulizwa kitu anaitikia tu, na neno analolikimbilia wengi ni hilo. Ambaye hajali kweli angekuwa indifferent, na sidhani kama angejiita hivyo mwenyewe kwenye meseji ya msiba. Usimjibu "cheer up" tafadhali, mwandikie "I'm here" halafu mwache.

Swali: Ni numb with au numb to?
Zote zipo. With inataja kilicholeta ganzi, numb with cold, numb with grief. To inataja kile ambacho hakikugusi tena, mfano umesikia habari mbaya mpaka umezizoea, "numb to bad news".