Muuguzi mdogo, linda makaratasi yako: serikali inalipa jina, hailipi jasho

Juma lililopita dada mmoja aliyemaliza ISTM, chuo cha juu cha mafunzo ya tiba, aliniandikia hivi: "Yaya (dada mkubwa), niko kituo cha afya hapa komuni ya Kenya, Lubumbashi. Ninafanya zamu ya usiku, sina matrikule (namba ya mtumishi wa serikali), sina mshahara, sina primu (posho). Mwisho wa mwezi wananipa kitu cha sabuni. Niendelee au niache?" Ujumbe wake ulinikuta katika mwezi uleule ambao mshahara wangu ulilipwa benki kwa mara ya kwanza. Ndiyo, mwenzenu leo nina matrikule, na ninajivunia. Namjibu mbele ya wote maana mko wengi hapa Lubumbashi, Kongo, na mnataka kile nilichokitaka mimi: kuvaa bluzi nyeupe, kutibu watu, na kula kwa jasho la kazi hiyo.

Mimi kazi niliianzia mbali, zoni ya afya ya Kasenga, kando ya Luapula, ambako ukitazama ng'ambo unaona Zambia. Nilikuwa A2, yaani muuguzi wa ngazi ya sekondari, nimetoka ITM, shule ya sekondari ya uuguzi, juzi tu. Tulikuwa watatu: titulere, yaani muuguzi mkuu wa kituo, mimi na mama mzalishaji. Kwa kanuni za wizara, eneo moja la afya kijijini linahesabiwa kuwa la watu kama 10 000, na hao wote mlango wao ni kituo kile. Wakati wa mvua wagonjwa wa malaria walilala hadi barazani. Nilijifunza kutafuta mshipa wa mtoto kwa mwanga wa tochi niliyoibana kwa meno, na sikuwa na mtu wa kumpisha zamu asubuhi.

Lakini ninachotaka mkielewe ni habari ya falanga. Mwisho wa mwezi tulifunga mlango na kumwaga sanduku la malipo ya wagonjwa juu ya meza. Noti zilizochakaa, nyingine zikinuka samaki. Titulere alitoa kwanza za kununua dawa, kisha zinazopanda kwenda ofisi ya zoni, kisha za petroli ya pikipiki ya chanjo. Zilizobaki tuligawana kwa pointi, kufuatana na cheo na miaka ya kazi, na mimi nilikuwa wa chini kabisa. Malaria ikipanda, tunakula. Kiangazi watu wakiwa wazima, muuguzi analala bila bukari, ugali wetu. Kuna mwezi mama mmoja alizaa salama akakosa ya kulipa, akaacha rehani kitenge chake cha harusi. Kilikaa kabatini karibu na sindano mpaka mumewe alipouza samaki akaja kukikomboa. Falanga zile ndizo zilizoingia katika fungu langu. Niambieni, mfanyakazi wa serikali anawezaje kulishwa na kitenge cha mzazi?

Ndiyo maana niliposikia mwezi wa tisa 2023 kwamba uzazi wa bure umezinduliwa Kinshasa, na kwamba Mfuko wa Mshikamano wa Afya ndio utakaovilipa vituo, nilifurahi kwa moyo wote. Bado nafurahi. Ila akina mama wakija wengi na mzalishaji akabaki yuleyule mmoja, asiye na mshahara, atachoka, na akichoka mama atalipa kwa njia nyingine.

Mwaka 2015 Katanga ilikatwa majimbo manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Ofisi zikagawanyika, makabati yakahama. Muda ukapita, listi ya wafanyakazi ikarudi kutoka juu, ikabandikwa ukutani. Nikaipitisha kidole mstari kwa mstari. Kwenye kituo changu, mahali pangu, palikuwa na jina la mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Kasenga. Nilishuka mjini kuuliza. Ofisini, na ofisi hiyo siitaji, kijana mmoja aliniambia dosiye yangu iko Kinshasa, kisha akanyamaza akingoja. Nilijua anangoja nini. Sikumpa matabishi, yaani hongo, nikatoka. Jambo hilo linaniuma hadi leo, na nikikutana na yule aliyelipwa kwa nafasi yangu sijui kama nitaweza kumsalimu.

Miaka iliyofuata naipita. Nilisoma nikapata A1, diploma ya chuo, nikahamishiwa mjini, nikaendelea kugawana sanduku kama kawaida.

Kilichoniokoa ni faili moja ya plastiki. Ndani yake kulikuwa na barua ya kupangiwa kazi yenye muhuri wa zoni, hati ya kuanza kazi, alama zangu za kila mwaka zilizosainiwa na daktari mkuu wa zoni, nakala za diploma, na nakala za nakala. Timu ya kontrole ilipokuja kuhesabu watu, wenzangu walianza kukimbia huku na huku kutafuta saini ya mkubwa aliyekwisha kuhama. Mimi nilitandika karatasi zangu mezani moja moja. Mzee aliyekuwa akiandika alizitazama, akauliza, "Miaka yote hii bila matrikule?" Nikajibu, "Ndiyo, papa." Akaandika jina langu akiliendeleza vizuri, herufi kwa herufi.

Basi dada yangu, shauri la kwanza ni makaratasi. Usikubali kuanza kazi kwa maneno ya mdomo, hata kama anayekuita ni mjomba wako. La pili, jua kwamba mshahara na primu ya hatari ya kazi vina listi mbili tofauti: unaweza kuwa kwenye moja na kukosa nyingine, kwa hiyo fuatilia zote mbili. La tatu ni makaratasi tena. Kila mwaka daktari wa zoni akuwekee alama na saini, maana madaktari wanahamishwa na wanaondoka na kumbukumbu zao. Jiandikishe pia kwenye Ordre, baraza la wauguzi, ambayo sheria iliiunda mwaka 2016, na uingie kwenye sendika, chama cha wafanyakazi. Mtu anayelalamika peke yake anaambiwa arudi kesho.

Na ukiitwa Mitwaba au Pweto, nenda, ila nenda na barua. Kila mmoja wetu anang'ang'ania mjini. Katuba, Kenya, Kampemba, vituo vimejaa wauguzi wanaogawana wagonjwa, na kule vijijini mama anatembea siku nzima kumtafuta mzalishaji. Siwalaumu vijana. Nani atakwenda bushi bila mshahara?

Hapo ndipo nawageukia wakubwa. Ibara ya 47 ya Katiba inasema haki ya afya imehakikishwa. Mwaka 2001, kule Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi afya asilimia 15 ya bajeti zao. Shirika la Afya Ulimwenguni linataka madaktari, wauguzi na wakunga wafike 44,5 kwa kila watu 10 000, na sisi tuko mbali sana na hapo. Lakini mtapangaje msichokihesabu? Shule za uuguzi zinafunguliwa kila kartiye, zinatoa vijana kila mwaka, na hakuna anayeuliza watakwenda wapi. Sheria inasema mtumishi anastaafu akifika miaka 65 au akitimiza miaka 35 ya kazi. Wazee wetu wanabaki zamuni mikono ikitetemeka, kwa sababu wanajua wakitoka hawatalipwa haki zao. Walipeni waende kupumzika kwa heshima, na nafasi zitafunguka.

Inspekta naye akija kituoni, kabla ya kuhesabu vidonge ahesabu watu: nani yuko kazini, nani analipwa, nani analipwa na hayuko. Kisha listi ibandikwe mlangoni, kwa kalamu nzito, si kwenye kabati la ofisi. Wanakijiji wataisoma. Wao wanajua vizuri nani aliyewachoma sindano.