Ukitaka maua ya Kitulo, kubali kulowa

Wengi hupenda kupanda milima kiangazi, njia zikiwa kavu. Kitulo, uwanda wa juu kusini mwa Tanzania, ni tofauti: kiangazi utakuta nyasi zilizokauka tu. Mvua zikishaanza, kuanzia mwishoni mwa Novemba, uwanda mzima unachanua, na maua hupokezana hadi Aprili. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu, na sijaona jina linalopafaa zaidi. Pamekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, na kinacholindwa hasa ni mimea, jambo la nadra katika hifadhi zetu.

Nawashauri mpunguze mwendo. Pale ni kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo pumzi yenyewe itakulazimisha. Mimi huchagua kipande cha ukubwa wa mkeka, nachuchumaa, nakikagua chote kabla ya kusonga. Okidi, maua yanayosifika zaidi kule, huota ardhini katikati ya nyasi, na nyingine hazifiki gotini. Ukikuta ya jamii ya Satyrium, usiikate. Inama utazame nyuma ya ua moja. Kuna vijimkia viwili vyembamba. Humo ndimo nekta, yaani maji matamu ya ua, inamokaa, na mdudu mwenye ulimi mfupi haifikii.

Ukishazoea kutazama karibu, inua macho. Kniphofia, yenye kichwa chekundu kama mwenge, hupenda penye unyevu. Ukiona imejipanga bondeni, mara nyingi maji yako jirani hata kama husikii kijito. Maji ya uwanda huu huteremka hadi mto Ruaha Mkuu, yakawafikia watu ambao hawajawahi kuyaona maua haya.

Kinachoniuma ni chikanda, chakula kinachotokana na okidi. Viazi vya okidi huchimbwa na kuvushwa hadi Zambia, ambako hutwangwa na kupikwa na unga wa karanga. Mmea huwa na kiazi cha msimu huu na kingine cha msimu ujao. Mchimbaji akivitoa vyote, umekwisha. Tafadhali usichimbe, usichume, wala usinunue njiani, hata kwa huruma.

Kama unatokea Mbeya, pandia Chimala kwa gari lenye nguvu, maana barabara ina kona 57 na ikilowa inateleza vibaya. Lala Matamba, uanze kutembea mapema kabla mvua ya mchana haijashuka. Beba sweta, koti la mvua na buti zenye meno. Daftari andikia penseli, wino utachuruzika.