Ukiandika wasifu wa mzee aliyekuwa polisi, anza na nyumbani

Wengi wakifiwa na mzee aliyestaafu upolisi wanakimbilia faili lake. Aliajiriwa mwaka fulani, akawa koplo, akawa sajenti, akahamishiwa huku, akahamishiwa kule, akastaafu, basi. Mimi ndo niliandika wasifu wa baba, na ninavyoona hizo tarehe mistari mitano inazitosha, maana kazini kwake zimeandikwa na hata mwakani ukizitaka utazipata, lakini alivyokuwa akishavua sare hakuna ofisi iliyoandika, wanaojua ni nyie mliokaa nae tu.

Sasa ukimuuliza mtu "mzee alikuwaje" atakwambia alikuwa mcheshi, mchapakazi, mpenda watu. Yaani maneno ambayo unaweza kumbandika marehemu yeyote yule. Uliza vitu vya kushikika. Alikuwa anakaa kiti gani? Polisi wengi hawapendi kuupa mlango mgongo, wa kwetu hata harusini alikuwa anahamisha kiti kwanza ndo anasalimia watu. Akitoka shifti ya usiku alianza na nini? Huyu alikuwa anavua buti nje, anaingia na soksi asituamshe, halafu badala ya kulala anashika pasi ananyoosha yunifomu zetu za shule, mikunjo ya suruali imesimama wima kabisa, na viatu vyetu anavipiga brashi hadi vinang'aa kuliko vyake. Nikaandika hiyo pasi. Neno "upendo" sikulitumia hata mara moja na hakuna aliyeuliza mbona halipo.

Mama muulize akiwa peke yake, sio kwenye kikao cha familia, kule kila mtu anamkatiza. Muulize pia yale magumu, sikukuu alizokosa, usiku ambao simu haikupokelewa. Msimfanye malaika jamani, waliomjua watakuwa wamekaa hapo hapo wanasikiliza. Kwetu sikukuu ilikuwa siku yoyote mzee aliyopata ofu, hata kama wenzetu walishasherehekea wiki nzima iliyopita, na hilo likiandikwa lilivyo linamweleza vizuri kuliko kusema alijitoa kwa ajili ya familia.

Halafu kuna miaka ya kustaafu, hii inarukwa sana sijui kwa nini. Mtu ameishi kwa zamu na amri, ghafla hakuna anayemsubiri popote. Angalia aliijazaje hiyo nafasi. Sisi tulikuta vidaftari kwenye droo, kaendelea kuandika matukio kama yuko zamu, kwa saa zile zile za kipolisi: "2140, geti limefungwa, wote wamo ndani isipokuwa mdogo." Ukurasa mwingine ni namba za magari ya watu waliokuja kumtembelea binti yake, ha ha. Vitu kama hivyo vipige picha kabla watu hawajaanza kugawana na kuchoma makaratasi, na picha za zamani kaeni na wazee muandike majina ya waliomo sasa hivi.

Mtafute na mtu aliyepiga nae doria, atakupa stori za kukuchekesha na za kukutisha. Ila kesi kuwa mwangalifu. Aliyekamatwa miaka ile huenda mahakama ilimwachia, au alitumikia kifungo akamaliza na ana watoto, na aliyetendewa uhalifu pengine yuko hai na hataki jina lake lisomwe msibani kwa watu. Mtu aliyekuwa anampa taarifa za siri ndo kabisa, hata kwa mafumbo usimguse. Eleza alichofanya mzee, majina ya wengine acha.

Mkitaka gwaride la heshima au wenzake waje na sare, pigeni simu mapema, sio kila mstaafu anapata na taratibu hazifanani. Ulizeni hapo hapo kuhusu mafao ya mjane, kawaida mtaambiwa mlete cheti cha kifo, cheti cha ndoa na namba yake ya ajira, kwa hiyo hiyo namba isipotee. Mkipekua kabati mkakuta risasi au silaha msiiguse wala msiibebe, iteni polisi waje wenyewe.

Urefu je? Maneno kama 600 yanasomeka kwa dakika 5 hivi, zaidi ya hapo watu wanaanza kuangalia simu. Jisomee kwa sauti nyumbani kwanza, pale koo linapokaba weka alama, na mpe mtu nakala akae karibu yako akupokee ukishindwa.

Toleo la kuweka mtandaoni lipunguze. Tarehe kamili ya kuzaliwa, mnapoishi, saa ambayo nyumba nzima itakuwa makaburini, hivyo ni vitu wezi na matapeli wanavisoma kwa makini, na nyumba ya polisi nayo huibiwa, msijidanganye. Na laini yake ya simu msiifunge haraka, benki na barua pepe huwa zinatuma namba za uthibitisho huko huko, kwa hiyo mkabidhini mtu mmoja anayeaminika akae nayo imewashwa mpaka mambo ya mirathi yaishe.